Tumaini Si Deni

(Mazungumzo na wazazi wa Mboko wanaolea watoto wasiowazaa, kabla ya watoto hao kuingia sekondari)



Tumezoea kukutana kwa habari nyingine: maji ya ziwa na kipindupindu, chandarua na malaria, uzito wa watoto wachanga. Leo mmeniomba nizungumze juu ya watoto wakubwa, wale mnaowalea bila kuwazaa, ambao mwezi wa 9 wataingia mwaka wa 7. Nimekubali kwa furaha, maana hili nalo ni jambo la afya. Mtu mwenye afya si yule asiye na homa tu. Ni yule ambaye mwili wake, akili yake na moyo wake vina mahali pa kupumzika.

Mimi na mume wangu tunalea wawili wa namna hiyo, msichana na mvulana, na wote wawili wanaanza sekondari mwaka huu. Basi sisemi nanyi kama mwalimu wa wauguzi peke yake. Nasema kama mzazi anayehesabu makaye na biki, na anayeomba Mungu usiku kama ninyi.

NI WATOTO GANI?

Kando ya barabara yetu, tangu Makobola mpaka Baraka, nyumba zenye watoto wa namna hii ni nyingi. Kulea mtoto wa ndugu ni desturi ya wazee wetu. Mama akifa kwa uzazi, shangazi au mama mdogo humchukua mtoto. Baba akizama ziwani na mtumbwi wake, kaka yake huwachukua watoto. Hakuna aliyetufundisha hayo kutoka ng'ambo.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Wengi wetu tulio na miaka arobaini na kitu tulivuka ziwa, tukakaa Tanzania katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Wako waliorudi na watoto ambao hawakuondoka nao. Tangu 2015 jirani zetu Warundi wamekaa kambini Lusenda, na katika mbio zao watoto wengine walipotezana na wazazi. Mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mwezi wa 1 na Bukavu mwezi wa 2, wakimbizi wengine walishuka huku kwetu. Kila vita huacha watoto mlangoni pa mtu.

Wachache sana kati yetu wamekwenda mahakamani kufanya adopsiyo kama sheria inavyosema. Wengi tulisema tu, "Ingia, kula, lala hapa." Mungu aliona mlango ule uliofunguliwa. Lakini mtoto yule aliyekuwa na miaka mitatu sasa ana kumi na tatu. Sauti ya mvulana inakatika, msichana amekuwa mrefu kuliko mama, na wote wawili wana maswali.

TUMAINI NA DENI

Tuseme ukweli juu ya fedha, maana hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Tangu mwezi wa 9 wa 2019 shule ya msingi ya serikali haitozi malipo. Sekondari bado ni mfuko wa mzazi. Nayo ni miaka sita: mwaka wa 7 na wa 8, kisha miaka minne ya humanite, na mwisho Egzame ya Serikali. Miaka sita ya malipo, ya nguo za bluu na nyeupe, ya viatu, ya makaye. Na huku ndagala zina msimu wake, muhogo unashikwa na ugonjwa, na barabara siku nyingine haipitiki.

Mzazi anayelipa miaka sita, moyo wake unaweza kuanza kuandika hesabu bila yeye kujua. Mwanzoni alisema, "Ninatumaini mtoto huyu atasoma." Baadaye anasema, "Mtoto huyu lazima asome, kwa maana ametugharimu." Mwishoni, siku buletini inapokuja na alama mbaya, neno linatoka: "Ningekuacha kule, leo ungekuwa wapi?" Au lile jingine: "Nakulipia wewe, na hata si wangu!"

Mtaniambia, "Lakini hata watoto tuliowazaa tunawagombeza." Ni kweli. Lakini masikio si yale yale. Mtoto uliyemzaa akigombezwa juu ya malipo, anajua kwamba jioni atakula na atalala pale pale. Mtoto wa kulea akisikia neno lile, anasikia mlango unafunguliwa ili atoke. Alikwisha kupoteza nyumba moja. Anajua kwamba nyumba huweza kupotea.

Na hapa naingia katika kazi yangu. Mtoto anayejiona kuwa deni huficha ugonjwa. Anasema moyoni, "Dawa ni falanga, nikisema ninaumwa nitaongeza hesabu." Basi anabeba homa siku tatu, nne, na malaria inapanda kichwani. Msichana anaficha maumivu ya tumbo. Mvulana anaficha kidonda cha mguu mpaka kinanuka. Mwingine anatafuta falanga mwenyewe ili apunguze mzigo: mvulana anakwenda kuvua usiku na kusinzia darasani, msichana anapokea zawadi kwa mwanamume anayejua shida yake. Hakuna aliyewatuma. Walituma hesabu tulizowasomea.

Kwa hiyo neno langu kubwa la leo ni hili: tumaini la mzazi lisiwe deni la mtoto. Ukilipa, lipa. Ukitoa, toa. Usimpe mtoto chakula pamoja na karatasi ya madai.

MORDEKAI ALIFANYA NINI?

Tusome kitabu cha Esta, sura ya pili na ya nne. Esta alifiwa na baba na mama. Mordekai, aliyekuwa mtoto wa ndugu ya baba yake, alimchukua akawa kama binti yake. Ona, ni jambo la kwetu kabisa: mtu wa ukoo anamlea yatima katika nchi ya ugeni, maana wote wawili walikuwa watu waliohamishwa.

Kisha Esta akachukuliwa nyumbani mwa mfalme, mahali pakubwa, penye sheria zake na watu wasiojulikana. Kwa mtoto wetu wa miaka kumi na tatu, sekondari ni kama nyumba ile. Mordekai hakuweza kuingia. Alifanya nini? Biblia inatuambia kwamba kila siku alipita mbele ya ua ili ajue hali ya Esta. Kila siku! Alikwenda kuuliza hali yake, na hatusomi popote kwamba alimdai lolote.

Jambo la pili: Mordekai alimwambia Esta asiitangaze jamaa yake pale nyumbani mwa mfalme. Lakini Esta mwenyewe aliijua. Hakulelewa katika uongo. Ilikuwa siri kwa watu wa nje, lakini yeye hakufichwa.

Jambo la tatu: siku ya hatari ilipofika, Mordekai alimwambia Esta maneno magumu na ya kweli, kama mzazi anavyopaswa. Esta akaamua mwenyewe. Akaagiza watu wafunge siku tatu, naye Mordekai akaenda akafanya yote aliyoagizwa na Esta. Mlezi alimtii aliyelelewa! Hilo ndilo tumaini lililokomaa. Alikuwa amemlea mtu anayeweza kusimama na kusema.

Basi nitachukua njia hizo, moja moja, nizilete Mboko.

AMBIENI WATOTO UKWELI

Wengine wenu bado hamjamwambia mtoto kwamba hamkumzaa. Mnaogopa atawakimbia. Nawaomba, mwambieni kabla ya mwezi wa 9. Sababu ni nyepesi: sekondari itamwambia. Pale wanakutana watoto wa vijiji vingi, na watoto hawana kizuizi mdomoni. Siku ya ugomvi mmoja atasema, "Weye si mutoto wao, walikuokota." Jina lililo kwenye karatasi litamuuliza swali. Mwalimu wa biolojia atafundisha makundi ya damu na namna sura inavyorithiwa, naye atahesabu. Ukweli ukitoka mdomoni mwako ni chakula kigumu, lakini ni chakula. Ukitoka mdomoni mwa adui ni jiwe.

Mwambieni namna gani? Chagueni siku ya utulivu, wala isiwe siku ya makosa. Wazazi wote wawili wawepo kama wapo. Semeni kwa maneno mafupi: "Kuna mama aliyekuzaa. Jina lake lilikuwa hili. Alikufa hivi," au, "Hatujui alipo." "Sisi tulikupokea siku fulani. Tulifurahi. Wewe ni mtoto wetu." Kisha nyamazeni. Mwacheni alie, acheke, atoke nje, auluze leo au baada ya mwezi mmoja. Mkimwona yuko kimya, msidhani amekwisha. Maswali ya mtoto huja kama mvua za kwetu, zinaacha, zinarudi.

Kama historia yake ina ubaya, tuseme mama yake alitendwa kwa nguvu wakati wa vita, msiitupe yote mbele yake kwa siku moja. Lakini pia msitunge uongo mzuri ambao utavunjika kesho. Semeni kadiri anavyoweza kubeba, na mengine mngojee mpaka awe mkubwa zaidi. Wala mtoto wa namna hiyo asiitwe kamwe kwa jina la waliomtenda mama yake. Hakuchagua.

Sasa, ukweli wa ndani ya nyumba si tangazo la nje. Kumbukeni Esta. Historia ya mtoto ni mali yake. Wako wazazi wema wanaosimama kanisani katika ushuhuda na kusema, "Huyu tulimtoa mavumbini," na kijana ameketi pale benchini, rafiki zake wanamtazama. Hataki hata kunyanyua kichwa. Ushuhuda huo aachiwe mwenyewe, ikiwa siku moja atataka kuutoa.

Msiogope jamaa yake ya kwanza. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya 1987, hata inapompa mtoto baba na mama wapya kwa adopsiyo, haikati kamba yake na jamaa iliyomzaa. Kama ni mtoto wa Kirundi, msifiche karatasi zake za ukimbizi. HCR na Msalaba Mwekundu huwatafuta jamaa waliopotezana, na kuna mama huenda anamtafuta kama ambavyo ninyi mngemtafuta. Musa alilelewa na binti Farao, akanyonyeshwa na mama yake mwenyewe, akawajua ndugu zake. Hakupungukiwa kitu kwa kuwa na nyumba mbili.

ULIZENI HABARI ZA DAMU

Kuna faida nyingine ya kutoivunja njia ya jamaa ya kwanza, nayo ni ya hospitali. Muuguzi akiuliza, "Je, katika ukoo wenu kuna ugonjwa wa sukari? Kifafa? Ugonjwa wa SS?", mzazi mlezi hujibu habari za ukoo wake mwenyewe, ambazo hazimhusu mtoto. Nendeni mkaulize shangazi, bibi, jirani wa zamani. Andikeni katika kaye moja, na kaye hiyo ikae pamoja na kadi ya chanjo.

Ugonjwa wa SS, yaani drepanositozi, mtoto huupata akirithi kwa baba na kwa mama pia. Kijana anayeshikwa mara kwa mara na maumivu makali ya mifupa, mwenye macho ya manjano na damu pungufu, msimwite mvivu. Msitafute mchawi. Mleteni apimwe damu.

Wako pia watoto waliozaliwa na virusi vya SIDA, wanaokunywa dawa kila siku bila kujua ni za nini. Tumewaambia, "Ni vitamini." Mtoto wa miaka kumi na tatu haamini tena vitamini. Anaziacha, na virusi vinaamka. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto aliyefikia umri wa shule aambiwe hali yake, kidogo kidogo, kulingana na ufahamu wake. Msifanye peke yenu. Njooni, muuguzi atawasaidia. Mwambieni na habari njema pia: anayekunywa dawa vizuri anakua, anasoma, anaweza kuoa au kuolewa na kuzaa watoto wasio na virusi. Ila msimwambie prefe wala walimu bila ruhusa ya mtoto.

NYUMBANI, NANI ANATEKA MAJI?

Watoto hawasikilizi sana hotuba zetu juu ya upendo. Wao wanatazama ndoo. Nani anaamka saa kumi na moja alfajiri kuteka maji? Nani anatwanga sombe huku wengine wanasoma? Siku falanga zikipungua, nani anabaki nyumbani kwanza? Mkebuka ukiwa mmoja, kichwa kinakwenda kwa nani?

Sisemi mtoto wa kulea asifanye kazi. Mtoto asiyefanya kazi anaharibika, na kumfanya mgeni siku zote ni kumwambia kwamba si wa hapa. Nasema kazi iwe ya zamu, na zamu iwe ya wote. Andikeni zamu kwa chaki ukutani kama mnaweza. Msichana aliyeteka maji mara tatu, akaosha vyombo na kubeba mtoto mgongoni, hawezi kushindana na yule aliyekaa na kaye tangu saa kumi. Kisha tunasema, "Huyu hana akili." Akili anayo. Amekosa saa.

Kijana wa umri huo anahitaji kulala saa nane hadi kumi. Anahitaji kula kabla ya kwenda shule, hata kama ni muhogo wa jana pamoja na maharage. Mwili wake unajenga mifupa na damu kwa haraka. Ndagala ndogo anazokula nzima pamoja na mifupa yake, sombe iliyopikwa vizuri, maharage, lengalenga, karanga, mapapai: vyote hivyo viko hapa hapa sokoni na shambani. Msiuze ndagala zote.

Mkimkuta mtoto wa kulea anaficha chakula chini ya kitanda, msimwite mwizi haraka. Aliyewahi kulala njaa mbioni, mwili wake unakumbuka. Mwekeeni kikapu kidogo chenye muhogo au ndizi, mmwambie, "Hiki ni chako, ukisikia njaa kula bila kuomba." Kikapu hicho hufundisha kuliko fimbo.

MWILI UNABADILIKA

Mtoto wa kwetu husita kumuuliza mzazi habari za mwili. Wa kulea husita mara mbili. Basi anzeni ninyi. Msichana wengi huona hedhi ya kwanza kati ya miaka 12 na 14, wengine mapema, wengine baadaye kidogo. Aambiwe kabla, na mama au shangazi, kwamba si ugonjwa wala laana. Apewe vitambaa safi vya kutosha, sabuni, na mahali pa kuvianika juani. Msichana anayekosa vitambaa hukosa shule siku nne kila mwezi. Fanyeni hesabu ya mwaka mzima. Mvulana naye aambiwe na baba habari ya sauti, ya nywele na ya ndoto za usiku, asije akadhani ameingiliwa na pepo.

Tangu hapo msichana anaweza kushika mimba, na mvulana anaweza kumpa mtu mimba. Semeni wazi. Mwili wa miaka kumi na nne haujawa tayari kuzaa; njia ni nyembamba, na uchungu wa siku mbili unaweza kuua mama na mtoto, au kumwacha msichana akivuja mkojo maisha yake. Sisi wauguzi tunawaona.

Hapa nina neno kali kwa wazazi. Msichana wa kulea si mbuzi wa kulipia madeni. Kumwoza akiwa na miaka kumi na tano, kwa kusema, "Mahari ilipe malipo tuliyotoa," ni dhambi, na sheria imekataa. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18, na inakataza uchumba na ndoa yake.

Tena, ilindeni nyumba yenyewe. Msichana asilale chumba kimoja na vijana wakubwa au na mgeni anayepita. Akisema, "Simtaki yule mjomba," msimwambie hana shukrani. Msikilizeni. Na kama mtoto, msichana au mvulana, ametendewa ubaya, asioshwe, asipigwe, asifichwe. Mleteni hospitali siku ile ile. Kabla saa 72 hazijapita, yaani siku tatu, kuna dawa ya kuzuia virusi vya SIDA. Kabla ya siku tano, kuna dawa ya kuzuia mimba. Baada ya hapo bado njooni, maana kuna matibabu mengine na kuna faraja. Kituo chochote cha afya kitawapokea na kuwapeleka Nundu kama inahitajika.

MOYO UNAKUMBUKA

Mtoto aliyekuwa mtulivu miaka mingi anaweza kubadilika anapoanza sekondari. Anakasirika bure. Anakojoa tena kitandani. Anaota mbio na risasi. Kichwa na tumbo vinamuuma kila asubuhi, na vipimo havionyeshi kitu. Anauliza, "Mama yangu angenipenda?" Siyo ukaidi. Kila hatua kubwa humkumbusha nani hayupo kuiona.

Fanyeni kama Mordekai: piteni kila siku mbele ya ua. Jioni, hata dakika kumi, keti naye jikoni au kando ya ziwa mkitengeneza nyavu. Usianze na alama. Uliza, "Leo ulikaa na nani? Nani alikuchekesha?" Mwone prefe mwanzoni mwa mwaka, kabla ya tatizo, ili ajue uso wako. Akiitwa mzazi, nenda mwenyewe. Usimtume mtoto mwingine.

Akiacha kula, akiacha rafiki, akisema, "Afadhali nife," msidhani ni maneno ya utoto. Msimwache peke yake, wekeni mbali dawa na sumu za panya, na mleteni kwetu upesi. Kuomba tuombe, na hospitalini tuje pia. Mungu hutumia mikono yote miwili.

JE, TUSITUMAINI KITU?

Mtaniuliza, "Mama, sasa mzazi Mkristo atumaini nini?" Nitawaambia ninayotumainia kwa wangu wawili, nanyi muongeze yenu.

Ninatumaini wafike mwisho wa miaka sita na kushika diploma. Lakini kama mmoja atashindwa, akawa fundi wa mbao au mvuvi mwenye mkono mwaminifu, sitasema fedha yangu imepotea.

Ninatumaini majina yao yaandikwe sawasawa, yale yale kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye buletini na kwenye diploma. Nanyi fanyeni hivyo mapema. Aliyechelewa kuandikishwa ahitaji karatasi ya mahakama, na ofisi ya Mambo ya Jamii itawaelekeza. Msingoje mwaka wa Egzame.

Ninatumaini wamjue Yesu. Lakini sitafanya ubatizo uwe malipo ya ugali. Kama wazazi waliomzaa mtoto walikuwa Wakatoliki, au Waislamu kama jirani zetu wengi wa pwani hii, msiwatukane marehemu wale mbele yake. Mtoto huvutwa kwa Mungu na mwendo wa nyumba, kuliko kelele za nyumba.

Ninatumaini wawe na hasira siku moja, na wasiogope kunionyesha. Mtoto anayejua kwamba hatafukuzwa ndiye anayeweza kukasirika mbele yako.

Na ninatumaini wakiwa watu wazima wapite mlangoni petu kwa sababu wanataka. Wakileta samaki, tutakula kwa shukrani. Wasipoleta, tutawapa kiti.

Ndugu zangu, Paulo aliandika kwamba sisi sote tumefanywa wana wa Mungu. Hatukuzaliwa humo kwa haki yetu. Tulipokelewa. Hakuna kati yetu aliyewahi kumlipa Mungu gharama ya kutulea, naye hakutuletea hesabu. Tumpe mtoto nyumba ya namna ile ile.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya shule, mwiteni mtoto, mwambieni maneno haya au yanayofanana nayo: "Kesho unaanza sekondari. Tutalipa kadiri ya uwezo wetu, na siku tukikosa tutakuambia wazi. Haitakuwa kosa lako. Ukiumwa, sema. Ukiogopa, sema. Ukishinda, tutafurahi. Ukianguka, hapa ni kwenu. Hutudai, wala hatukudai."

Kisha laleni mapema. Asubuhi kuna maji ya kuteka, na ni zamu ya kila mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, mtoto tunayemlea anajua jina la mama aliyemzaa? Kama hajui, tutamwambia lini, na nani atasema?
2. Kwa juma hili lililopita, nani aliteka maji mara nyingi kuliko wengine? Kwa nini?
3. Tunajua nini juu ya magonjwa ya ukoo wake? Tunaweza kumuuliza nani?
4. Ni neno gani tulilozoea kusema siku za hasira, ambalo kuanzia leo halitasikika tena katika nyumba hii?

Bwana awabariki ninyi na watoto wote mliopewa.